Niliambiwa Hakuna Daktari wa Mguu Nakuru Nzima

Kwa aliyenikosa wiki jana: jina langu ni Chesang, mkulima wa viazi huku Keringet. Msimu wa mvua nilianguka kwenye ngazi ya stoo yetu ya viazi. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, maana mwenyewe sikumbuki. Nakumbuka nikitoka jikoni kwenda kuchukua magunia. Kisha nakumbuka dari ya zahanati, kichwa kimefungwa bandeji na mguu wa kulia umetiwa plasta.

Plasta ilipotolewa, mguu uliotoka haukuwa wangu. Kifundo kilikuwa kimevimba kama boga, wayo unaangalia kando. Muuguzi alisema kazi hiyo imewazidi, nitafutiwe mtaalamu wa mifupa ya mguu na kifundo. Mimi nina kadi ya bima ya serikali. Mume wangu, Kipketer, akajitwika kazi ya kumtafuta daktari anayeikubali.

Kila aliposhuka Nakuru alipanda na jibu lile lile.

"Mama Kigen, hakuna. Wale wa mguu wote wanataka pesa mkononi. Kadi ya serikali hawataki hata kuiona."

Nilimwamini. Ni mke gani angekosa kumwamini mwanamume aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda choo, mvua ikimnyea?

Kisha akanipigia simu Wangare. Huyu ni rafiki yangu wa miaka, anaishi mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, na viazi vyetu alikuwa akivinunua na kuvibeba kwa pikapu yake. "Chesa, jiandae," aliniambia. "Nimesikia kuna hospitali inachukua kadi. Nakuja kukuchukua."

Tuliachana hapo. Sasa sikia yaliyofuata.

Nakiri kwamba nilimdanganya mume wangu. Nilimkuta akikamua nikamwambia Wangare ana sherehe ya chama chao cha akina mama, ameniomba nikae naye kidogo.

Hakuinua kichwa. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo.

"Na mguu?"

"Nitauweka juu ya kiti."

"Ukipigwa na baridi ya njiani, huo mguu utaoza."

Neno hilo lilinishtua. Mguu ulikuwa umeanza kutoa harufu, lakini sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nikiuosha kwa maji ya chumvi akiwa shambani na kuchoma vitambaa nyuma ya nyumba. Alijuaje?

Nilirudi ndani kuchukua magongo yangu. Hukaa nyuma ya mlango. Hayakuwapo.

"Baba Kigen, umeona magongo?"

"Labda watoto wameyachezea."

Watoto walikuwa shuleni.

Niliyaona kupitia dirishani. Yalikuwa juu ya paa la zizi, yamelazwa sambamba, yakawekewa jiwe yasiteleze.

"Na yale ni nini?"

Akatazama juu. Akanawa mikono taratibu.

"Upepo," alisema.

"Upepo gani unaobeba jiwe?"

Akachukua ndoo yake. Wala hakupanda kuniteremshia. Nilichukua fimbo ya kuchungia ng'ombe, nikaanza kujikokota kuelekea getini. Nilihisi macho yake mgongoni hadi nilipofika.

Wangare alikuwa amesimamisha gari ndogo nje ya uzio. Kwetu mgeni hupewa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kabla hajaulizwa habari. Siku hiyo Wangare hakushuka, na Kipketer hakumkaribisha. Hawakusalimiana hata kwa mkono.

Nikadhani ni haraka.

Hospitali ya kwanza ilikuwa na vigae vinavyong'aa na msichana wa mapokezi mwenye sauti ya upole.

"Kadi ya serikali mnachukua?" Wangare aliuliza.

"Tunachukua."

Wangare akanifinya bega. Nilikaribia kulia.

"Basi tunataka daktari wa kifundo."

"Aah, huyo hachukui. Hapa kadi ni ya kulazwa na ya akina mama kujifungua. Daktari wa mguu ni cash."

"Kwa hivyo huu mguu ungekuwa na mimba mngeutibu?" nikamuuliza.

Alicheka. Mimi sikucheka.

Hospitali ya pili, tuliambiwa mtaalamu alihamia Eldoret na mwingine hajaletwa. Ya tatu, mlinzi alitutazama, akatazama kitambaa kilichofunga mguu wangu, akatuambia turudi na mtu wa ofisi ya bima. Nimrudie na nani? Sijui mtu wa ofisi yoyote.

Basi Kipketer alikuwa akisema kweli. Nilijilaumu nikiwa nimeketi ndani ya gari. Mume wangu amezunguka mji huu kwa ajili yangu, nami namshuku kwa sababu ya magongo!

Kufikia hapo patipati nililovaa lilikuwa limekatika na usaha umepenya kitambaani. Wangare alisema tupitie duka la viatu katikati ya mji, tutafute kitu kipana.

Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo anayeitwa Sanjay. Alipiga goti mwenyewe mbele yangu, akafungua kitambaa kupima. Kisha akaacha. Akaweka kiatu chini.

"Mama, mimi nauza viatu," alisema. "Huu mguu hautaki kiatu. Unataka daktari leo."

"Tumetafuta, boss," Wangare alimjibu upesi. "Hakuna anayechukua kadi ya serikali."

"Nani amesema? Mamangu alianguka kwa mtaro, kifundo kikavunjika kabisa. Dakta Kamaljit alimtengeneza, na alitumia hiyo hiyo kadi. Leo yuko kliniki. Si mbali, hapa tu nyuma."

"Wangare, twende!"

Wangare alikuwa ameshika kandambili ya mtoto, anaigeuza geuza.

"Huyo nasikia foleni yake ni mbaya sana," alisema. "Umechoka. Twende kwangu ulale, kesho tutaangalia."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu."

"Watu gani? Tangu asubuhi unaniambia hujui daktari mwingine."

Akairudisha kandambili rafuni. Sanjay alitutazama mmoja baada ya mwingine, halafu akaita kijana wake wa dukani aje anishike mkono wa pili hadi kwenye gari.

Kliniki ya Daktari Kamaljit ilikuwa nyumba ya zamani yenye baraza, na watu wachache tu kwenye benchi. Hiyo foleni mbaya sikuiona.

Nilimpa mama wa mapokezi kadi yangu. Akaandika jina, akasita, akaniangalia.

"Chesang wa Keringet?"

"Umenijuaje?"

"Si mlishakuja? Mzee wako alikuja hapa akaweka appointment. Tulikungoja hukutokea. Nikampigia simu, akasema umepona."

Nilijishika kwenye kaunta.

"Alisema nimepona?"

"Alisema unatembea vizuri. Tukafurahi."

"Na kadi? Mlimwambia nini kuhusu kadi?"

"Kwamba tunachukua. Hilo ndilo swali lake la kwanza, na jibu letu la kwanza."

Kumbe nilikuwa nikilala na mwanamume aliyeipata dawa yangu, akaificha, akarudi nyumbani kunipa pole. Kila usiku alikuwa akiniuliza, "Unaumwa sana?" Kila usiku nilimjibu ukweli.

"Mimi nitakungoja hapa nje," Wangare alisema nyuma yangu.

"Hapana. Tutaingia wote. Nikiambiwa mambo magumu nataka mtu wa kunishika."

"Chesa, mimi na vyumba vya madaktari—"

Nilimshika mkono nikamvuta. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Daktari Kamaljit alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi, bangili ya chuma mkononi, na Kiswahili cha mtu aliyezaliwa na kukulia papa hapa Nakuru. Hakupoteza wakati. Alinipeleka kupigwa picha chumba cha pili, akaitundika kwenye taa, kisha akakaa kwenye stuli mbele ya mguu wangu.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Kama mtu anagusa soksi."

Alibonyeza kidole gumba changu, akangoja rangi irudi. Ilichukua muda. Alivuta pumzi puani.

"Mama, nitakuambia vile iko. Mguu bado unaweza kuokolewa. Lakini kuna usaha ndani, na uko karibu na mfupa. Ukiingia kwa mfupa, mimi nitakata. Siyo mwezi ujao. Nasema wiki hii. Leo ningependa nikulaze, kesho asubuhi nifungue nioshe, halafu baadaye nipange mifupa. Kadi yako itabeba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

"Vizuri. Sasa niambie ilikuwa gari gani."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Gari ya kunileta?"

"Gari iliyokukanyaga."

"Hapana, daktari. Mimi nilianguka. Ngazi ya stoo."

"Ulijiona ukianguka?"

"Nilizirai. Niliambiwa."

Akavua miwani.

"Mtu akianguka kutoka juu, kisigino hupondeka kutoka chini kuja juu. Chako ni kizima. Hii mifupa ya katikati imesukumwa yote upande mmoja. Na hii ngozi imevutwa ikararuka, ikapona vibaya. Ngazi haifanyi hivi. Hii ni tairi, mama. Ilipanda juu ya mguu ikapita."

Wangare, aliyekuwa ameketi kando ya mlango, alikohoa kikohozi kikavu.

"Mume wako alileta picha ya kwanza, ile ya zahanati," daktari aliendelea. "Nikamwambia haya haya. Nikamwambia, mlete mama, kadi nitachukua, lakini sitaandika ngazi. Nitaandika ninachokiona, na mtu akikanyagwa na gari, polisi huulizwa. Akachukua picha yake. Akasema, asante, daktari. Tangu hiyo siku sikumwona."

Kumbe sababu haikuwa kadi.

Nilitoa simu nikampigia. Nikaweka spika, kwa sababu nilitaka watu wasikie. Nilikuwa nimechoka kuwa mimi peke yangu nisiyesikia.

"Mama Kigen! Umefika salama? Sherehe imeanza?"

"Niko kwa Daktari Kamaljit."

Nilisikia kuku wetu nyuma yake.

"Toka hapo," alisema.

"Kipketer, niligongwa na gari?"

"Toka hapo nje ungoje, nakuja. Haya mambo tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ndiko nilikodanganywa."

"Chesang, usiongee na huyo mwanamke! Usitie sahihi kitu! Uko na nani hapo?"

"Na Wangare."

Pumzi yake ilibadilika.

"Mpe simu."

"Simu ni yangu. Sema, anasikia."

Akakata.

Hata sijairudisha simu mfukoni, ya Wangare ikaanza kulia.

Hakuipokea. Ikakatika. Ikalia tena. Aliifunika kwa viganja viwili mapajani, kama mtu anayezuia kifaranga kisitoroke, na ile sauti ikawa inatetemeka kati ya vidole vyake.

"Mama, pokea au zima," Daktari Kamaljit alisema. "Hapa ni kliniki."

Wangare akaizima. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Siku ile ya mvua ni nani aliyekuwa amekuja kwetu kupakia viazi?

"Ilikuwa pikapu yako," nilisema.

"Ndiyo."

"Tangu asubuhi umenibeba, umenishika mkono, umenisomea majina ya hospitali kwenye simu yako. Ulikuwa unajua?"

"Sikutaka upoteze mguu, Chesa. Nilikuwa siwezi kulala. Nikasema heri nikutafutie daktari, yeyote, mradi asiwe huyu. Kipketer aliniambia huyu anajua kusoma mguu."

"Kwa hivyo mlikuwa mkiongea."

Akaitikia kwa kichwa.

Nakiri jambo lingine. Nilitaka kumpiga kwa ile fimbo. Lakini nilipomwona amejikunja kwenye kile kiti, nikakumbuka siku niliyojifungua Kigen, barabara imejaa tope, na ni yeye aliyesukuma gari kwa mikono yake hadi hospitali ikaonekana. Ajali ni ajali. Mvua ilikuwa kubwa, ua wetu unateleza kama sabuni. Pikapu ikirudi nyuma na mzigo, nani ataona mtu? Nilikuwa tayari kumsamehe. Neno lilishanifika mdomoni.

"Mama," daktari aliniambia, kalamu mkononi, "mimi sitaki kuingilia mambo ya nyumba za watu. Lakini kitanda kiko leo, na nina karatasi ya bima hapa. Wataniuliza uliumia vipi. Ukisema ngazi, utaenda kutafuta daktari mwingine wa kuiandika, na sidhani mguu utamngoja. Niandike nini?"

Nilifikiria watoto. Nilifikiria polisi wakiingia ua wetu, mama mkwe akiulizwa maswali, majirani kwenye uzio. Kisha nikajaribu kusogeza vidole vyangu vya mguu, kimoja tu, na hakikusogea.

"Andika gari," nilisema.

Wangare alilia kwa sauti.

"Aliyekuwa akiendesha anajulikana?" daktari aliuliza.

Nikamgeukia rafiki yangu. Nilitaka aseme mwenyewe. Nilidhani ikitoka kinywani mwake itaniuma kidogo, nami nitamwambia nimemsamehe, na hilo litakuwa limekwisha.

Alijifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Andika pikapu ni yangu," alisema. "Hiyo sitakataa. Lakini mimi nilikuwa nimeketi kando."

"Kando ya nani?"

"Chesa..."

"Kando ya nani, Wangare?"

"Kipketer ndiye alikuwa kwa usukani. Baadaye aliniambia gari ni langu, nikisema neno nitafungwa mimi. Nikaogopa."

Nilitafuta pa kuliweka jina hilo nikakosa. Lakini hata hapo, nitasema ukweli, moyo wangu ulikuwa ukimtafutia njia. Hana leseni. Hajazoea gari. Aliogopa jela. Alinibeba mgongoni miezi yote hiyo kwa majuto. Mtu huweza kuficha kosa kwa sababu anampenda aliyemkosea.

"Alikuwa anarudi nyuma," nikamwambia Wangare. Sikuwa nauliza. Nilikuwa nikimwomba. "Hakuniona. Alikuwa anarudi nyuma."

Wangare alitikisa kichwa.

"Alikuwa anaenda mbele, Chesa. Wewe ulikuwa umesimama mbele ya stoo, unatuangalia tukiwa wawili ndani ya gari. Uliinua mkono kama unauliza kitu. Nilimshika mkono nikapiga kelele. Alikuwa anakuangalia usoni."

Daktari Kamaljit hakuwa akiandika tena.

Nilijaribu kukumbuka. Stoo, mvua, taa za gari, watu wawili nyuma ya kioo. Sikupata kitu. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa upande wa Kipketer.

Mlango ukagongwa, mama wa mapokezi akachungulia.

"Daktari, pole. Mzee wa huyu mama amepiga simu kwa kaunta. Anasema ameshapanda gari, yuko njiani. Anauliza kama mama atakuwa bado hapa."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia yuko. Nimekosea?"

Daktari alinigeukia. Alikuwa na sura ya mtu anayetaka kusema mambo mengi na hana haki ya kuyasema. Mwisho aliivuta karatasi ya pili, akaiweka juu ya ile ya kwanza.

"Mama, hili ni lazima nikuulize kabla ya kukulaza," alisema polepole. "Kesho utakuwa umelala, hujui dunia. Nikifungua mguu nikute mfupa umeharibika, kuna mtu nitatoka nje kumuuliza kama nikate au nisikate. Jina la huyo mtu ni nani?"

Wazazi wangu tulishazika. Ndugu sina. Maisha yangu yote ya mke, penye nafasi ya jina la mtu wa karibu, nimejua kuandika jina moja tu, na mwenyewe alikuwa njiani anakuja.